Je, Wajua? Video Iliyogoma Haijafa

Je, wajua kwamba ukichukua video yenye mkia wa AVI ukaifungua kwa Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia inayokuja na Windows, herufi nne za kwanza utakazoona ni RIFF? Badilisha herufi moja tu na umepata RIFT, jina la bonde letu. Zinazofuata ni vurugu tupu, alama za ajabu ajabu mpaka chini ya ukurasa. Lakini hizo nne zinatosha kumwambia fundi kilichomo ndani, jambo ambalo jina la faili mara nyingine hudanganya kulihusu. Jaribu kwa video fupi. Ukimwaga muvi nzima humo kompyuta itaganda, nawe utailaumu safu hii.

Je, wajua kwamba MP4 nayo ina chapa yake? Ruka baiti 4 za mwanzo kisha usome zinazofuata: ftyp. MKV haina neno la kusomeka pale mwanzoni, ila baiti zake 4 za kwanza ni 1A 45 DF A3, na hazibadiliki. Sasa mtu akikuletea flashi yenye faili liitwalo harusi.mp4, ukachungulia ndani ukakuta RIFF, jua kuna aliyebadilisha jina akidhani amebadilisha video. Huko ni kuandika "maziwa" kwenye mtungi wa mafuta ya taa.

Na je, wajua kwamba MP4, AVI na MKV hasa si aina za video? Ni makasha. Nenda soko la Wakulima pale Nakuru asubuhi uone magunia yalivyopangwa. Gunia ni lile lile, lakini moja lina viazi vya Molo, jingine karoti, jingine kabeji. Ndani ya kasha la video mna picha zilizobanwa kwa njia moja, sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, na pengine maandishi ya tafsiri. Njia hiyo ya kubana na kubanua ndiyo mafundi huiita kodeki. MP4 mbili zinaweza kufanana kama mapacha kwa nje, moja ikiwa na picha za H.264, kodeki ya mwaka 2003, na nyingine za H.265, ya mwaka 2013. Kompyuta ya zamani itaicheza ya kwanza bila taabu. Ya pili itakupa sauti na kioo cheusi.

Sauti bila picha, basi, mara nyingi si dalili ya faili bovu. Ni kodeki iliyokosekana. Nimeona watu wakifuta video za ubatizo wa watoto wao kwa kutojua hilo tu.

Je, wajua neno kodeki limeundwaje? Ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa, kinachobana na kinachobanua. Na hicho kinachobanua ndicho dikoda, jina lile lile tunaloita kijisanduku kilicho chini ya televisheni sebuleni. Kwa hiyo ukisikia fundi akisema "hii kompyuta haina kodeki", elewa kama mtu aliyenunua televisheni akasahau dikoda.

Je, wajua kwamba Kenya nayo iliwahi kupatwa na ugonjwa unaofanana na huu? Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya televisheni ya dijitali, yakirushwa kwa mfumo wa DVB-T. Kabla watu hawajazoea, nchi ikahamia DVB-T2, mfumo mpya unaobeba stesheni nyingi zaidi kwenye masafa yale yale. Aliyekuwa amenunua dikoda ya mfumo wa kwanza akabaki na kijisanduku kizima, taa inawaka, rimoti inafanya kazi, na kioo hakionyeshi kitu. Antena haikuwa na kosa. Televisheni haikuwa na kosa. Mwenye kupenda usahihi atasema DVB-T ni njia ya kurusha mawimbi, si kodeki, na atakuwa amesema kweli. Lakini mama aliyekaa Langalanga akiigonga dikoda yake ubavuni alikuwa kwenye hali ile ile ya mwanafunzi wa Egerton anayebofya video mara kumi: mzigo umefika, msomaji hajui lugha yake. Mitambo ya analogi ilizimwa mwaka 2015, na kwa takriban wiki tatu za Februari na Machi, katika mvutano na serikali uliofika mahakamani, stesheni kubwa kadhaa zikapotea hewani kabisa. Hata wenye dikoda sahihi hawakuona taarifa zao za habari.

Je, wajua kwamba jina Matroska, linalowakilishwa na M ya MKV, limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wa mbao, mmoja ndani ya mwingine? Kasha ndani ya kasha. Waliolibuni mwaka 2002 walijua wanachokitengeneza.

Je, wajua kwamba filamu ya Lara Croft ya mwaka 2003, ile ya pili, ilipigwa kwa sehemu pale Hell's Gate, Naivasha? Wengi wetu huku bondeni tuliiona kwenye VCD, diski mbili, kwa sababu diski moja hubeba kama dakika 74 hadi 80 tu. Lazima mtu ainuke katikati ya mapigano kubadilisha diski. Ukiiweka VCD kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili AVSEQ01.DAT. Hilo DAT huwatisha watu, lakini ni video ya MPEG-1 ya kawaida, kodeki ya enzi za mwanzo wa miaka ya 1990. Buruta faili hilo mpaka ndani ya VLC, programu ya bure ya kucheza video, na litaanza. Picha yake ni pikseli 352 kwa 288, kwa hiyo usishangae Lara akiwa na uso wa mraba.

Yasemekana Nakuru, kwa Kimaasai, ni mahali pa vumbi. Aliyewahi kupita uwanja wa Afraha mwezi wa pili hatabisha. Diski ikikwama kila dakika ya 12, kabla ya kulaumu kodeki ifute kwa kitambaa laini, kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usiifute kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaofuata duara hufuata njia ya data yenyewe na kuharibu sehemu ndefu. Mkwaruzo unaokata njia hurukwa na mashine.

Je, wajua kwa nini muvi za DJ Afro zilijaa kwenye AVI miaka mingi hivyo, wakati dunia ilikwisha hamia MP4? Jibu liko kwenye mashine za DVD za bei nafuu zilizojaa nyumbani na kwenye vibanda vya video. Nyingi zilisoma AVI iliyobanwa kwa DivX au ndugu yake wa bure, Xvid, na zilishindwa na H.264. Muuza muvi anajua wateja wake. Angeleta picha safi zaidi, nusu yao wangerudi na flashi mkononi wakidai pesa. Na kwa muvi ya DJ, sauti ndiyo bidhaa. Mtu mmoja anatafsiri, anatania, anampa jambazi jina la mtaa, na sauti yake imelazwa juu ya ile ya asili. Tanzania walikuwa na Lufufu wao, na Uganda wana ma-VJ. Ukiwa na picha na huna sauti hiyo, huna muvi. (Suala la hakimiliki ni la safu nyingine, na mwandishi mwenye moyo mgumu kuliko mimi.)

Hapo hapo, tukiwa kwenye sauti: ukiona picha safi, mtu anasogeza midomo, na hakuna kinachosikika, tatizo mara nyingi huwa ni sauti za Dolby au DTS. Programu nyingi za simu ziliziondoa kwa sababu ya ada za hataza. MX Player, kwa mfano, huandika wazi kwamba sauti ya EAC3, aina moja ya Dolby, haiwezi kuchezwa. Fungua video hiyo hiyo kwa VLC na utasikia kila kitu.

Je, wajua kwamba VLC ilianza kama mradi wa wanafunzi mwaka 1996, kwenye chuo cha École Centrale huko Paris? Mtandao wa mabweni yao ulikuwa mzito hata kwa michezo ya kompyuta. Wakatafuta sababu ya kupewa mpya, na sababu waliyopata ni kurusha video za setilaiti hadi vyumbani. Tarehe 1 Februari 2001 programu ikatolewa bure kwa dunia nzima. Ile koni ya rangi ya machungwa nayo haina fumbo: chama cha wanafunzi hao kilikuwa na koni za barabarani kibao. Mimi nikiiona huwaza kizuizi cha polisi barabara ya Gilgil.

Siri ya VLC ni kwamba huja na kodeki zake tumboni. Haiombi ya Windows. Ndiyo maana jaribio la kwanza la fundi yeyote, kabla hajakuuliza hata jina, ni kuifungua video yako kwa koni hiyo.

Ikicheza, bonyeza Ctrl na J pamoja. Kijidirisha kitakachofunguka kitakutajia kodeki ya picha, ya sauti, ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Andika pembeni. Sasa unaweza kumuuliza mtu swali lenye kichwa na miguu, badala ya "video yangu imekataa".

Je, wajua kwamba simu nyingi za iPhone, tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, hurekodi kwa H.265 isipokuwa uziambie vinginevyo? Ndugu yako akitoka Dallas kwa Krismasi, akapiga video za mbuzi akichinjwa Subukia, akakuachia kwenye laptopu yako ya Windows, kuna uwezekano mkubwa utapata kioo cheusi. Microsoft huuza kodeki hiyo dukani kwake mtandaoni kwa senti 99 za dola. VLC haikudai kitu. Njia nyingine ni kumwomba ndugu huyo aingie kwenye mipangilio ya kamera kabla hajapiga na kuchagua umbizo linalokubalika kwingi. Baada ya mbuzi kuchinjwa ni kuchelewa.

Je, wajua kwa nini laptopu iliyotumika, ile inayouzwa mjini kama "ex-UK", huweza kuicheza video hiyo lakini kwa kukwamakwama, feni ikilia kama mashine ya kusaga? Kuwa na kodeki ni jambo moja, kuwa na misuli ni jambo jingine. Prosesa za Intel zilianza kubanua H.265 kwa chipu maalumu kuanzia kizazi cha 6, mwaka 2015, na ile ya biti 10 kuanzia kizazi cha 7. Za kizazi cha 3 na cha 4, ambazo ndizo nimezikuta kwa wingi kwenye meza za wauzaji, hulazimika kufanya hesabu zote kwa prosesa yenyewe. Muvi ya 4K huzishinda. Hapo tiba ni kutafuta nakala ya 1080p, au kuikonvati usiku kucha. Soma kibandiko kabla ya kulipa: kwa prosesa hizi za zamani, tarakimu ya kwanza baada ya i5 na kistari ndiyo kizazi, kwa hiyo i5-4300 ni ya 4.

Kinyume chake pia hutokea. Chipu ipo, lakini dereva yake ni ya zamani na picha inatoka ya kijani au imechanika. Kwenye VLC bonyeza Ctrl na P, nenda sehemu ya kodeki, uzime usaidizi wa chipu. Dakika moja.

Je, wajua video ingekuwa na uzito gani kama hakuna anayeibana? Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ni baiti 6,220,800. Fremu 25 kwa sekunde ni megabaiti 155. Saa moja ni karibu gigabaiti 560. Harusi ya saa tatu ingejaza diski ya terabaiti 1 na kubakisha keki na zawadi nje. Ikibanwa kwa H.264 kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa ile ile hushuka hadi gigabaiti 3.6.

Muujiza huo hufanywa kwa uvivu wa busara. Kodeki haiandiki kila fremu nzima. Fikiria mtu amesimama ufuoni mwa Ziwa Nakuru akirekodi heroe. Fremu ya kwanza huandikwa yote, maji, matope, miti ya migunga, ndege. Fremu inayofuata huandika tu kilichosogea: bawa hili, shingo ile. Kilima cha nyuma hakikusogea, hakiandikwi tena. Baada ya sekunde moja au kadhaa inaandikwa fremu nyingine nzima, na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana kadi ikiharibika baiti chache tu, huoni doa dogo. Unaona ziwa lote limeyeyuka, heroe mmoja anaburuta kiwingu cha kijivu, nusu ya uso wa askari wa mbuga umebaki kwenye mti. Kisha, ghafla, picha inarudi safi. Hiyo ndiyo fremu nzima iliyofuata. Video haijapona, imefika tu kwenye sehemu ambayo haikuumia.

Je, wajua kwamba kamera nyingi za picha zilikuwa zikisimama zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59? Si joto, na si betri. Umoja wa Ulaya uliitoza kamera iwezayo kurekodi dakika 30 au zaidi ushuru wa kamera ya video, kwa hiyo viwanda vikaikata sekunde moja kabla. Ushuru huo uliondolewa mwaka 2019, lakini kamera za kabla ya hapo bado zinapiga harusi Njoro. Mchungaji anayehubiri dakika 40 hana habari kwamba Brussels imemkatiza.

Na ukomo mwingine: kadi au flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haikubali faili linalozidi baiti 4,294,967,295, yaani gigabaiti 4 kasoro baiti moja. Kamera ikifika hapo hufunga faili na kufungua jingine. GoPro kwa mfano huandika GH010034, kisha GH020034, kisha GH030034. Ni video moja, vipande vitatu. Kuna anayeona majina yanafanana, anadhani ni nakala, anafuta mbili. Ndipo harusi nyingi zinapokatika kabla ya keki. Kwa upande wa muvi, kompyuta ikikataa kunakili faili la gigabaiti 6 kwenye flashi yenye nafasi ya 20, flashi si mbovu. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, ujaribu tena. Ila ukumbuke televisheni za zamani haziisomi exFAT, na hapo utakuwa umeziba tundu hili ukafungua lile.

Je, wajua maana ya video inayosema 00:00? Hii nitaikalia kidogo.

Nilikuwa kwa fundi mmoja ghorofani, karibu na steji ya matatu za Njoro, akaingia mama mzee kutoka Bahati na kadi ndogo ya kumbukumbu aliyoifunga kwenye leso, mafundo mawili. Ndani yake ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya mjukuu wake. Kijana wa jirani ndiye aliyerekodi, betri ikafa sherehe ikiendelea. Fundi wa kwanza alikwisha mwambia video imeharibika, akajitolea kuifomati kadi "iwe safi".

Fundi wetu akaichomeka. Faili moja, gigabaiti 3.1, muda 00:00. Windows ikakataa. VLC nayo ikakataa.

"Shosho, hii haijafa."

"Kama haijafa, mbona haisemi?"

"Haijui ianzie wapi."

Na hilo lilikuwa jibu sahihi la kiufundi. MP4 huandika picha na sauti zote kwanza, kwenye sehemu iitwayo mdat. Faharasa, inayosema fremu ya ngapi iko wapi na sauti ipi ni yake, huwa kwenye sehemu iitwayo moov, na kamera nyingi huiandika mwisho kabisa, mtu anapobonyeza kusimamisha. Betri ikifa kabla ya hapo, una ghala lililojaa mahindi na hakuna aliyeandika gunia lipi ni la nani. Gigabaiti 3.1 ndizo zilizomfanya fundi atabasamu. Faili tupu halina uzito huo.

Kwanza alinakili kadi yote kwenye kompyuta, akaitoa, akairudisha kwenye leso. Hapo ndipo nilipojua ni fundi. Halafu akaomba kamera. Si kamera ya aina hiyo, bali ile ile, yenye mipangilio ile ile. Kijana wa jirani akapigiwa simu, akafika baada ya saa mbili, akarekodi nusu dakika ya dirisha na matatu za nje. Programu ya bure iitwayo untrunc husoma video nzima ya mfano kama hiyo, hujifunza kamera inavyopanga vitu, kisha huijengea ile iliyokatika faharasa mpya. Ilichukua muda wa kunywa chai moja na mandazi. Kelele za akina mama wakiimba getini zilitoka kwenye spika kabla picha haijatulia.

"Huyo ni mimi," shosho akasema, ingawa bado kioo kilikuwa cheusi.

Kama fundi wa kwanza angeifomati kadi kisha kijana akarekodi kitu kingine juu yake, hakuna programu ambayo ingesaidia. Kufomati haraka peke yake hufuta orodha tu, na PhotoRec, nayo ya bure, huweza kuyaokota mafaili yaliyobaki chini. Ni kile kinachoandikwa juu yake baadaye ndicho kinachozika.

AVI nayo ina faharasa yake mwishoni, lakini VLC huuliza yenyewe kama iijenge upya. Kubali.

Je, wajua kwamba kadi inaweza kudanganya umri na kilo zake? Zipo zenye kibandiko cha gigabaiti 64 na tumbo la 8. Hupokea kila kitu bila kulalamika, lakini vinavyozidi 8 humwagika hewani. Dalili yake ni video za mwanzo nzima, za mwisho zote mbovu. H2testw, kijiprogramu kilichotoka kwa jarida la Kijerumani la c't, huijaza kadi na kuisoma tena, kisha husema ukweli. Fanya hivyo siku ya kununua, risiti ikiwa mfukoni.

Muvi ya kilobaiti 1 si muvi. Ni njia ya mkato iliyotengenezwa na virusi vya flashi, vile vya saiba, na video zako zimefichwa tu hapo hapo. Andika attrib -h -r -s /s /d kwenye dirisha la amri, ukiwa ndani ya flashi hiyo, zitajitokeza. Virusi vyenyewe visafishe kwa programu ya kinga.

Muvi inayoitwa nyimbo.mp4.exe ni mbaya zaidi. Windows huficha mkia wa mwisho, kwa hiyo unaona nyimbo.mp4. Video haijawahi kuhitaji kuishia na exe.

Je, wajua kwamba DVD ya harusi ya binamu yako aliyeko Leeds inaweza kucheza vizuri huku, wakati muvi ya dukani iliyotoka mtaa ule ule ikakataa? Muvi za kuuzwa hufungwa kwa kanda. Uingereza ni kanda ya 2, Kenya ni ya 5. Diski ya nyumbani huwa haina kufuli. Kiendeshi cha kompyuta hukuruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, na ya tano ndiyo ya milele. Usiichezee mbele ya watoto wanaopenda kubofya.

Je, wajua kuhusu kamera za ulinzi? Kifaa cha duka kikitoa faili lenye mkia wa DAV, hicho huwa ni cha kampuni ya Dahua, na programu ya kiwanda hulifungua, wakati mwingine hata VLC. Fundi atajitolea kukukonvatia iwe MP4 "polisi waione". Mwache akonvati nakala, na lile la asili lisiguswe. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, huhitaji cheti kinachoitambulisha rekodi ya kielektroniki na kueleza ilivyopatikana na kwa kifaa gani. Wakili wa upande wa pili ataanzia hapo hapo: nani aliibadilisha, na kwa nini?

Video ukiituma WhatsApp kama video, hubanwa upya. Ukiituma kama hati, hufika ilivyo. Watu wa Nairobi waliosema video yako ina ukungu huenda hawakukuonea.

Maandishi ya tafsiri hayatokei? Faili la SRT liwe na jina lile lile la muvi, herufi kwa herufi, na likae folda moja nayo.

Upakuaji uliokatika bando lilipoisha huacha faili lenye mkia wa crdownload au part. Usilifute papo hapo. Liburute hadi kwenye VLC, na huenda ukaona nusu saa ya kwanza, ambayo wakati mwingine inatosha kukwambia muvi yenyewe haikufaa bando.

Ile video ya ruracio ilitoka na kasoro moja. Sauti ilitangulia midomo. Kwenye VLC kitufe cha K huichelewesha sauti kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza, na J huiharakisha. Ni kwa kutazama tu, ukifunga na kufungua utaanza upya, kwa hiyo fundi alitaka kwanza kujua kiasi ndipo airekebishe moja kwa moja kwenye faili. Alibonyeza K taratibu, shosho ameinama karibu na kioo, kidole hewani kama anayesubiri kuitwa. Mara 6. Milisekunde 300, na mdomo wa mzee wa kwanza kusimama ukakutana na maneno yake.